Pumzi Upande wa Kushoto

Saa mbili asubuhi, magharibi ya Chiloé,
rasharasha ile isiyonyesha wala kukoma.
Hapa hakuna gati. Tunapelekwa majini
juu ya mkokoteni wa mbao, tumesimama kama magunia ya viazi,
vijana wawili wa suruali za mpira wakisukuma
mpaka maji yawafike kifuani,
na Rosalba Huenchur, nahodha, anatupokea kwa kwapa:
"Mguu wa kulia kwanza. Wa kulia, bwana. Huo wa kushoto."

Bwana ni kaka yangu Nikanor. Haoni mwaka wa tisa huu.
Dirishani muuza tiketi alimtazama, akanitazama,
akauliza kwa sauti ya hospitali kama alipe nusu.
"Bahari utanipa nusu?" akasema Nikanor,
akahesabu noti zake kwa kidole gumba.

Rosalba haahidi kitu. Kwenye ubao wake
neno *nyangumi* limepakwa chokaa,
ila chokaa ni nyepesi, neno linachungulia.

Majabali yanachomoza bila hodi,
meusi, yametoboka, yamevaa kofia za nyasi.
"Kuna nini?" "Pengwini."
"Wakoje?" "Wafupi."
Akangoja. Nikajikaza:
wako wa mkanda mmoja kifuani na wa mikanda miwili,
wamepanga mtaa mmoja, wanagombana kama wapangaji;
huyu hapa anateremka, anasita, anarudi juu
kama mtu aliyesahau ufunguo.
"Sasa unasema," akasema.

Fisi maji juu ya mwamba alikuwa anavunja kaa.
Hilo sikuhitaji kumweleza.
Mnandi walikausha mbawa, harufu ya kinyesi chao
ikatupiga usoni kama kitambaa kibichi.
Mama mmoja wa Santiago, viatu vyeupe,
akainama ubavuni mwa boti akayarudisha maandazi yake,
na membe wakamshukuru.

Kisha ukungu. Haukuja; ulikuwa tu pale,
kama deni.
Jabali likafutika, na omo ikafutika,
na yule mstaafu wa benki wa Valdivia
mwenye kamera ndefu kama mkono
akawa anapangusa kioo, anapangusa, anapangusa.
Rosalba akazima injini.

Mtaka cha mvunguni huinama.
Sisi hatukujua tuiname wapi.
Maji yalilamba mbao. Mtu akakohoa, akaona haya.

"Kushoto," akasema Nikanor.

Hatukusikia kitu. Halafu tukasikia:
mlango mzito wa ghala ukifunguliwa chini ya bahari,
upepo ukatoka, ukarudi ndani,
na mvua ya joto ikatudondokea kutoka chini kwenda juu.
Inanuka, pumzi hiyo. Inanuka samaki wa juzi,
kabichi, kisima kilichosahauliwa.
Mama wa viatu vyeupe alicheka huku ameziba pua.
"Amezunguka," akasema kaka yangu. "Yuko chini yetu."
Sote ishirini tukatazama miguu yetu.

Mara ya tatu ilikuwa mbali. Ya nne labda ilikuwa wimbi.

Ufukweni mstaafu alitupitishia kamera:
mraba mweupe, na mwingine, na mwingine, kumi na saba.
"Kuna nini?" Nikanor akaniuliza.
"Ukungu."
"Basi amempata."

Akateremka mkokotenini, kwa mguu wa kushoto,
moja kwa moja ndani ya dimbwi.