Buluu Isiyopenda Moto

Kilikuja na basi la asubuhi kutoka Dar,
kipakiti kilichofungwa ndani ya gazeti, ndani ya soksi,
ndani ya kiroba cha mchele cha shemeji Mwanjaa.
Gramu hamsini. Kwa bei ile
ningenunua nazi za mfungo mzima.

Nikakifungua jikoni, Barabara ya Tisa, feni nimeizima,
maana unga wenyewe mwepesi kuliko umbea.
Kuugusa tu, vidole vyangu vikawa
kama vya mtu aliyepiga kura mara kumi.

Mama akachungulia kutoka kochini:
"Hiyo si nili? Sisi tukiitia
kwenye kanzu za Ijumaa, si kwenye matumbo ya watu."
Nikamwambia ni mwani, mama, mwani mdogo
usioonekana kwa jicho, unaishi majini ukijiita kijani;
wameukamua, wakakuta umeficha rangi nyingine.
Akafikiri kidogo.
"Kama marehemu baba yako," akasema.

Mteja wangu ni Mbaruku wa nyumba ya pili, miaka sita.
Mwaka jana alikula kashata nyekundu za stendi,
shingo ikamtoka vipele kama ramani,
na mama yake hataki tena kusikia habari za rangi za chupa.
Lakini Mbaruku anataka keki ya buluu.
Si buluu yoyote: ya baiskeli ya mjomba wake,
ile anayoiendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu,
amepinda kama mkasi, anapiga kengele hata pasipo na mtu.

Keki ya kwanza niliikabidhi kwa oveni.
Ilipokuwa kwenye bakuli, wallahi, ungeipiga picha.
Ilipotoka, ilikuwa kijivu chenye ukijani,
rangi ya tope maji yanapokupwa.
Mama akainusa. "Umeoka mkoko," akasema.

Ya pili sikuoka rangi, nikaitia kwenye krimu,
ila mkono una mazoea yake: nikakamulia ndimu.
Buluu ikapauka, ikajikunja chembechembe
kama mgeni aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine.

Nikakaa juu ya kibao cha mbuzi, nikawaza.
Kila nilichofundishwa kupika, moto ndio ulikikamilisha:
kitunguu, sukari, uvumba.
Hata sisi wenyewe tulifundwa hivyo,
kaa jikoni mwanangu, utaiva.
Na hiki hapa kitu kimoja
ambacho ukikipeleka motoni kukipendeza
kinakwenda zake, kinakuachia maji machafu.

Ya tatu nikaioka nyeupe, nikaiacha ipoe
mpaka adhana ya Alasiri.
Tui zito lililala kwenye friji; umeme ukakatika,
nikaazima barafu kwa muuza ukwaju,
nikapiga tui na sukari ya unga mpaka bega likalalamika.
Nikanyunyiza unga kidogo. Hamna kitu.
Nikaongeza. Nikaongeza tena, nikihesabu shilingi,
na mara ikaja, yote kwa pamoja,
nikajikuta nimenyamaza.

Mbaruku hakusema ahsante.
Akaibeba keki mpaka uani,
akaiweka chini, karibu na gurudumu,
akaangalia huku, akaangalia kule.
"Siyo," akasema. "Hii imezidi."
Mjomba wake akachuchumaa, akakwangua kwa ukucha
chini ya tandiko, pale jua lisipofika.
"Ndiyo yenyewe," akasema. "Nilipoinunua ilikuwa hivi."

Usiku nikamkuta mama na bakuli mapajani,
ulimi wa buluu mpaka kooni.
"Haina ladha," ananishitakia.
Haina, mama. Ni rangi tu.
"Basi mmeuziwa kutazama."
Akalamba mwiko, upande wa pili.

Uliobaki nimeuficha kwenye kopo la majani ya chai.
Mwanga nao, nasikia, haiupendi.