Vidato Vitatu

Muuzaji wa Barabara ya Kenyatta aliifunua kwenye kitambaa
kama mkunga anayemfunua mtoto:
darubini mpya, kioo chenye kivuli cha zambarau,
msalaba wake huwaka mwekundu giza likiingia.
Laki moja na elfu arobaini.
"Afande, hii itakuonyesha kupe sikioni mwa nyati."

Nikaomba bei kwa maandishi.
Mkubwa wangu huamini karatasi kuliko macho.

Yangu ya zamani ina mkwaruzo upande wa kushoto
tangu ilipodondoka garini kule Soysambu, mwaka wa kiangazi,
na mpira wa kuegemezea jicho nimeushona kwa uzi wa viatu.
Miaka kumi na saba tumelenga pamoja
kisichopaswa kufa.
Bunduki yetu haina risasi, ina sindano:
mnyama hulala, daktari hukata waya shingoni,
mnyama huamka, nasi twarukia gari.

Lakini Jumanne nilikosa.
Nyati jike, hatua arobaini, kasimama ubavu
penye migunga iliyokauka tangu ziwa lipande,
waya umemla hadi kwenye weupe wa nyama.
Sindano ikapita juu ya mgongo, ikazama topeni.
Barasa, dereva, akajitia kukagua tairi.
Kioo, nikasema. Kioo kimechoka.

Leo asubuhi, kwenye shabaha nyuma ya stoo,
nikamwita Jerotich, mwezi wake wa tatu kazini,
awe shahidi katika fomu ya maombi.
"Tazama mwenyewe ukungu huo."
Akalala kifudifudi, kofia kaigeuza kisogoni.
Akakaa kimya, hata nikadhani kasinzia.
"Ukungu upi, afande?
Nasoma gunia. Mahindi, kilo tisini.
Kuna siafu anaizunguka ile sufuri."

Nikafumba jicho la kushoto. Nikafumba la kulia.
Nikayabadilisha tena, kama mtu anayehesabu chenji
akijua fika imepungua.

Ningeweza kusema: ngoja kwanza nipimwe miwani.
Foleni ya kliniki ni ya mwezi mzima,
na yule nyati bado anatembea na waya wake.

"Irekebishe," nikamwambia, "iwe ya jicho lako."
Akaishika pete, tk, tk, tk,
vidato vitatu tu.
Nikainama kutazama baada yake:
uwanja mzima ulikuwa maziwa.