Hesabu ya Herufi

Mimi ni mtu wa brashi. Nalipwa kwa herufi,
shilingi tano kila moja, nukta haina malipo.
Soko la Luanda lote limepita mkononi mwangu:
kinyozi, duka la dawa, kinu cha posho, kanisa la bati,
na hoteli ya Ongachi, ule ukuta wa kando ya reli.

Siku ya kwanza alitaka neno moja tu.
KARIBU. Herufi sita, thelathini taslimu,
rangi ya kijani, na jogoo nikamwongezea bure
kwa kuwa chai ya siku hiyo ilikuwa na maziwa
na mkewe alinisukumia andazi la pili
bila kuuliza la kwanza limekwendaje.

Kisha mke akaenda Kericho kulea mjukuu,
na Ongachi akaniita tena.
HAKUNA KUKOPA. Sitini.
Nikasema moyoni, hilo liko kila hoteli, halina ubaya.
Wiki iliyofuata: HATUNA CHENJI. Sitini.
USIOMBE MAJI YA BURE. Themanini na tano.
Nikapanda ngazi, nikashuka ngazi.
Muhula ule karo ya binti yangu niliilipa kwa makatazo.

Nilimshauri mara moja, kweli nilimshauri:
"Mzee, weka basi 'Mgeni njoo, mwenyeji apone'."
Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
"Mia na kumi! Kwa maneno ambayo kila mtu anayajua?"
Akanipa mengine:
CHOO NI CHA WALAJI TU.

Nilikuwa juu ya ngazi, T imekauka, U bado mbichi,
alipoingia mama na mtoto wa miaka minne
aliyebana magoti, akirukaruka.
Ayuma mhudumu hakusema kitu. Alinyoosha kidole
kwenye kazi yangu.
Yule mama akasoma. Alisoma polepole, herufi kwa herufi,
nami kila herufi ikanichoma, tano, tano, tano.
Akavuka barabara.

Ng'ambo ni kwa Nyabera, banda la mabati manne,
halina jina, halina hata alama ya chaki.
Nilimwona akiweka mwiko chini, akimshika mtoto mkono,
akizunguka naye nyuma ya banda,
kisha birika, maji vuguvugu juu ya viganja vya mama,
sabuni, kitambaa, na "Kaeni, mrenda unakaribia kuiva."
Hawakuwa wamesema wanataka kula.
Walikula. Siku ya soko walirudi na shangazi watatu.

Niliwahi kumfuata Nyabera na mkebe wangu wa rangi.
"Nikuandikie nini?"
Akacheka. "Mtu akishaketi, umwandikie nini tena?"
Ndiyo hasara ya wema kwa watu wa kazi yangu:
hauna herufi.

Kwa Ongachi ukuta ukajaa, viti vikabaki.
Ayuma akawa anafuta meza ambazo hazikuchafuka.
Katazo la mwisho likakosa nafasi.
"Lipige juu ya KARIBU," akasema.
Nikalipiga. LIPA KWANZA, jekundu.
Jogoo nikamwachia miguu.

Mvua mbili baadaye akaniita.
Ile nyekundu ya bei rahisi ilikwisha kupauka,
na chini yake kijani kikichungulia: KA, na kitu kama B.
"Andika INAPANGISHWA."
Nikahesabu. Kumi na mbili, sitini,
sawasawa na HAKUNA KUKOPA.
Ongachi akajipapasa mfuko wa koti, huu, na huu,
akatazama reli, hakutazama ukuta.
"Andika tu. Nitakulipa Jumamosi."

Nikaandika.
Jumamosi zimepita saba.
Chai nakunywa kwa Nyabera, ambaye naye ananidai.