Nusu Shari

Saa nane na dakika kumi mchana, Alhamisi ya Januari.
Brid yuko kazini, mbwa kalala juu ya viatu vyangu,
na meza ya jikoni ndiyo ofisi: kompyuta,
kikombe cha chai kilichoota utando,
na kikaratasi nilichokibandika kwenye friji:
IKIFIKA NNE, TOKA. USIBISHANE.

Kule Thurles farasi kumi na mmoja wanazunguka
wakisubiri bendera.
Namtazama yule wa kijivu, Mvua ya Juzi,
jike mwenye kichwa kizito na miguu ya haraka.
Sitasema nampenda. Naipenda bei yake.

Nimemchukua kwa tatu, yuro mia nne,
nikaiambia mashine mapema, nikiwa na akili zangu:
bei ikipanda hadi nne, niuzie,
nipoteze mia, nikapike viazi.
Heri nusu shari kuliko shari kamili, husemwa;
mimi hiyo nusu nimeiandikia namba.

Miaka ishirini na mitatu niliendesha lori la maziwa,
lita elfu kumi na mbili mgongoni.
Breki naijua. Breki si woga,
ni kumheshimu aliye nyuma ya kona
kabla hujamwona.

Lakini Novemba niliifuta amri hiyo kwa kidole changu.
Farasi aliyumba, bei ikapanda, nikasema, huyu atarudi.
Akarudi. Akashinda kwa pua.
Nilicheka peke yangu humu jikoni hadi mbwa akabweka.
Hasara zote nilizowahi kupata hazijaniharibu
kama ushindi ule.

Leo sifuti. Leo mikono iko chini ya mapaja.

Wameondoka.
Kiunzi cha kwanza, cha pili, matope yanaruka,
bei inashuka polepole kama mtu anayeshuka ngazi na mzigo:
mbili na nusu. Mbili. Moja nukta saba.
Kijana aliyempanda hajamgusa kwa fimbo.
Moja nukta nne, na kiunzi kimoja tu kimebaki.
Nasikia moyo wangu kwenye meno.

Kisha safu ya namba ikawa tupu.

Picha inayonifikia huchelewa sekunde mbili.
Kwenye picha bado anakimbia,
masikio mbele, mzima, anakiendea kiunzi,
na namba zilikwisha kujua.
Sekunde mbili nilimtazama farasi ambaye tayari ameanguka
akikimbia vizuri kuliko farasi yeyote niliyewahi kumwona.

Halafu akaanguka na kwangu pia.

Moja nukta nne, kisha thelathini, kisha mia.
Bei haikupita kwenye nne. Iliiruka
kama yeye alivyopaswa kukiruka kile kiunzi.
Amri yangu ilitii, ikasimama pale pale nilipoituma,
kama abiria kwenye kituo ambacho basi lilishaacha kufika.
Niuzie, inasema. Niuzie.
Kwa nani? Nusu shari nayo inataka mnunuzi.

Mwaka ule wa barafu, karibu na Borrisoleigh,
nilikanyaga breki na breki ikashika vizuri kabisa,
magurudumu yote yakasimama,
na lori likaendelea.
Maziwa yalikuwa yakinisukuma kutoka nyuma.
Nakumbuka nilipata muda wa kushangaa
jinsi kulivyokuwa kimya.

Pazia la kijani wameshalileta. Nimesimama.
Mbwa naye kasimama, hajui kwa nini.
Kijana anajiviringisha, anashika bega.
Nyuma ya pazia hakuonekani kitu, kisha kichwa,
kile kichwa kizito, kikitikisa matope,
na jike la kijivu likatoka likikimbia bila mtu,
vikuku vya tandiko vikimpiga mbavuni,
likawafuata wenzake kana kwamba bado kuna mbio.

Brid ameingia saa kumi na moja, koti limelowa.
Mafuta ya kupashia nyumba umeagiza?
Nikasema, farasi yuko mzima.
Akanitazama kidogo,
akavua glavu moja,
akaibakiza ya pili.