Wa Tano Katika Orodha

Tulioshtaki tulikuwa tisa. Mimi wa tano:
Lempi Kaartinen, mjane, wa hapa Duluth, mlimani.
Orvo wa ghorofani hakutia sahihi.
Siku wakili alipopita na karatasi
alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala,
na mimi sikumgongea.

Oktoba, Jaji Brandvold akaisimamisha amri ya serikali
nchi nzima, toka ziwa letu hadi bahari zote mbili:
ruzuku ya mafuta isikatwe,
mtu asilale na baridi kabla kesi haijasikilizwa.
Tulikula keki kwenye ukumbi wa kanisa.

Novemba, mahakama ya juu ikalishika zuio lake
kama fundi ashikavyo kanzu ya marehemu,
ikapunguza mikono, ikapandisha pindo,
likabaki la kutuenea sisi tisa.
Jaji wa wilaya, walisema, si jaji wa taifa.

Nami, niseme kweli, hoja niliielewa.
Miaka mitatu nyuma jaji mwingine, wa kusini,
mji nisiouona hata kwenye kalenda,
aliuzuia kwa kalamu moja mpango wa meno wa wazee,
nikamlaani kwa Kifini, mkono shavuni:
nani kakupa nchi nzima, wewe mtu mmoja?
Laana ile leo imerudi, inapiga hodi kwangu.

Lori la mafuta huja kila Jumanne ya pili.
Dereva husoma jina, hujaza tangi langu.
La Orvo, lililo ubavuni mwake,
huligonga kwa ngumi, likalia tupu, akaenda zake.
"Na yeye ashtaki," aliniambia kijana wa simu.
Ashtaki! Kwa ada ipi,
na Januari imeshatufika shingoni?

Ila nyumba hii ni ya mbao, ya mwaka 1911,
dari yake nyembamba kama kaki,
na joto halijui kusoma hukumu. Hupanda.
Nimezungusha kidhibiti hadi mwisho.
Nakaa jikoni na gauni la kiangazi,
jasho mgongoni, theluji imefika dirishani,
naunguza haki yangu galoni kwa galoni.

Jana usiku nilimsikia Orvo huko juu
akikokota kitanda, akipumua, akikokota tena,
mpaka miguu yote minne ikatua
juu ya jiko langu.