Nukta Nane

Kisimba, legeza kiganja. Ufunguo si nyundo,
na hapa Katuba leo hatuponde mawe.
Waya wa shaba tumeuvuta toka paa letu hadi mparachichi wa jirani,
umeme umekatika tangu saa kumi,
betri ya gari itatutosha.

Mstari una urefu wa nukta tatu: usiupunje.
Baina ya herufi na herufi vuta pumzi,
baina ya neno na neno meza mate.
Anayesikiliza huko hauoni uso wako.
Ana ukimya wako tu wa kuusoma.

Usiukimbilie mwendo wa Monga.
Monga hutuma kama mvua ya Januari juu ya mabati:
nyingi,
na hakuna aliyeelewa ilichosema.

Mimi usiku wangu wa kwanza nilikwama kwenye jina langu.
Tisa ilitoka nane,
mkono ukatetemeka, chai ikalowesha daftari.
Mtu fulani, wa nchi gani sijui mpaka leo,
alikuwa akienda mbio. Akanisikia. Akapunguza.
Akanirudishia herufi zangu
kama anayehesabu noti kuukuu, moja moja,
asije akazichana.

Ukikosea, gonga nukta nane, kisha rudia.
Nane tu. Usiombe radhi kuzidi hapo.

Haya, ita.
Da-di-da-di, da-da-di-da.
Tena.

Ngoja, usiguse kitu.
Umesikia?
Kuna mtu amepunguza mwendo.