Mpaka Getini

Nimekusindikiza mpaka getini, Aikande.
Zaidi ya hapo si kazi yangu.

Miaka minne nilikusomea kwa sauti
darasa likishatoka, chaki bado vidoleni,
b ikikugeukia d,
mstari wa tatu ukiparamia wa pili.

Walikuita mzito. Mzito!
Wewe uliyejumlisha vitunguu vya mama yako Kiboriloni
kabla mteja hajafungua pochi.

Ratiba tumeipaka rangi: Jumatatu njano,
Jumanne kijani cha migomba.
Simu yako ina sauti yangu, sura ya kwanza hadi ya tisa,
na jogoo wa jirani
akiwika katikati ya kanuni za ushirika.

Sentensi moja tu nilikataa kukuandikia.
Tuliifanyia mazoezi jikoni, ukalia, tukaanza upya:
"Nasoma taratibu. Naomba muda wa ziada."
Ulitanguliza samahani.
Tukaifuta samahani.

Leo mlima umejifunika, manyunyu yanakuja,
na dirisha la msajili liko wazi.
Nakuona mbele ya fomu ndefu kama mahubiri.
Karani anakunyooshea kalamu.
Huipokei.
Midomo yako inacheza. Sisikii kitu.
Anainua uso, anakutazama,
anatazama foleni nyuma yako,
halafu anavuta kiti.

Sijui kama hiyo ni ndiyo.

Miguu yangu inataka kuingia; naikatalia.
Nimekunja mwavuli, nimeufungua,
nimeukunja tena.